Picha za Ubao kwenye Simu ya Mghoi

Mwanangu Nekesa,

Saa hizi uko kwa msusi, na nikimjua yule mwanamke na mdomo wake, hutarudi kabla ya jioni. Baba yako amelala kwenye kochi huku redio ikimsomea habari ambazo baadaye atadai amezisikia zote. Nyumba imetulia. Nimekaa mezani na kalamu nyekundu, maana ya buluu umeshaipakia, na nimeamua siinuki hapa kabla sijamaliza. Kesho baada ya kanisa unaondoka Voi kwenda Mahoo, kule Taveta, na Jumatatu utasimama mbele ya Gredi ya Tano ukiwa mwalimu kamili, si mwanachuo wa mazoezi. Kuna jambo ni lazima ulijue kabla hujashika chaki.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji wala kulala ndani ya neti. Hayo baba yako amekuhubiria wiki nzima, na ameanza kujirudia. Isitoshe wewe umeishi chuoni miaka mitatu na ukarudi umenenepa, kwa hiyo najua hutakufa njaa. Nataka kukuandikia kuhusu kosa langu. Ni moja, lakini limezaa mengine.

Nianze na Jumapili iliyopita. Sebule ilikuwa imejaa watu wa kanisa waliokuja kukuombea safari, pilau ilikuwa imetoka vizuri, na mzee mmoja akaniomba nisimulie ile hadithi ya nyundo. Sikukataa. Mimi nimekataa jukwaa lini? Hadithi yenyewe unaijua neno kwa neno kwa sababu umekua nayo tangu ukiwa darasa la sita. Miaka kumi na miwili iliyopita, nikiwa naibu wa mwalimu mkuu katika shule yetu ya sekondari njia ya Marungu, tulipekua mabegi ya wanafunzi tukapata simu saba. Ijumaa kwenye paredi nikaziweka juu ya jiwe, chini ya mlingoti wa bendera, nikazipiga kwa nyundo ya fundi moja baada ya nyingine, shule nzima ikitazama. Moja ilikuwa ya msichana wa kidato cha pili aliyeitwa Mghoi. Hapo ndipo huwa naongeza kwamba simu ya Mghoi ilikuwa imejaa meseji za mapenzi kutoka kwa makanga mmoja wa matatu, na huwa naziigiza meseji zenyewe kwa sauti nzito mpaka watu wanashika mbavu. Wanafunzi wakaniita Madam Nyundo, na mimi nikalipenda jina hilo.

Jumapili ulicheka kama wengine. Ulifuta machozi kwa kiganja, ukasimama katikati ya wageni ukasema, "Msijali, Nyundo inahamia Mahoo." Watu wakakupigia makofi. Mimi pia nilipiga. Kisha nikaingia jikoni nikasimama mbele ya sufuria, na sikukumbuka nilikuwa nimekuja kuchukua nini.

Nekesa, hakukuwa na makanga. Hakukuwa na meseji hata moja ya mapenzi. Yule makanga nilimtunga mwenyewe mwaka uleule, siku moja nikisimulia ofisini na mwalimu mwenzangu akaniuliza simu ya yule mtoto mtulivu ilikuwa na ubaya gani hasa. Nilihitaji jibu, nikalibuni, likawachekesha, nikaliacha likae. Tangu hapo nimekuwa nikimpaka matope mtoto wa watu kila panapopikwa pilau.

Sasa nikuambie simu ile ilikuwa na nini. Siku ya Alhamisi, kabla ya paredi, nilijifungia ofisini nikaziwasha zote saba. Ndivyo tulivyokuwa tukifanya: kwanza unatafuta picha chafu ili mzazi akija juu uwe na la kumwonyesha. Ya Mghoi ilikuwa na picha za ubao wangu. Picha juu ya picha, mwanangu, na zote ni ubao wangu wa Jiografia. Kulikuwa na maandishi yangu, mishale yangu ya mvua ya milimani, ule mchoro wangu wa kueleza kwa nini Wundanyi kunanyesha na huku Voi tunakauka. Wiki tisa za masomo, kila ubao umepigwa mara tatu: kushoto, katikati, kulia. Kwenye picha mbili mgongo wangu unaonekana.

Niliziona. Hili ndilo jambo ambalo sijamwambia mtu, hata baba yako. Sikuivunja ile simu kwa kutojua. Nilikaa na picha zile mkononi, na mawazo yaliyonijia ni kwamba huyu mtoto ni mvivu wa kuandika. Nikakasirika zaidi. Mimi nasimama dakika arobaini nikila vumbi la chaki, na yeye anabonyeza kidude mara tatu na kazi imekwisha. Sikujiuliza kwa nini mtoto mvivu asumbuke kupiga picha za Jiografia kwa wiki tisa.

Ijumaa asubuhi, kabla ya bendera kupandishwa, alinifuata karibu na mlingoti. Alikuwa mwembamba, na alikuwa na tabia ya kukunja macho akikutazama, ambayo mimi niliiita kiburi. Akaniambia, "Madam, naomba niseme kitu kidogo kuhusu hiyo simu." Nikamjibu aende akamwambie mzazi wake. Nikanyanyua nyundo, na ya kwake nikaifanya ya mwisho ili aone zote.

Wiki iliyofuata mama yake alikuja. Nilijiandaa kwa vita, kwa maana wazazi wa simu walikuwa wakija na kelele. Huyu alikuja na daftari. Akalifungua juu ya meza yangu bila kuketi. Kurasa za mwezi wa kwanza zilikuwa zimejaa nusu nusu, sentensi zinaanza na kukatika, halafu ukurasa mzima una kichwa cha somo tu. Kuanzia mwezi wa pili, mwandiko ukawa mzuri, umejaa, hauna pengo. Akanieleza polepole kwamba mtoto haoni mbali. Kutoka nyuma ya darasa, ubao kwake ulikuwa ukuta mweusi wenye ukungu. Kaka yake, aliyekuwa akifanya kazi kwenye shamba la mkonge, alimwazima simu yake. Msichana alikuwa anapiga picha, anafika nyumbani, anazikuza picha zile kipande kwa kipande na kunakili kila neno kabla ya kulala. Huyo ndiye mvivu wangu.

Utauliza kwa nini hakukaa mbele. Hapa ndipo roho inaponiuma, kwa sababu jibu ni mimi. Unakumbuka nilivyokuwa nikijisifu kwa mpango wangu wa viti. Baada ya kila mtihani nilipanga darasa upya kwa nambari: wa kwanza hadi wa kumi mstari wa mbele, na wa mwisho nyuma kabisa, ili aone aibu na apambane. Mghoi aliingia kidato cha kwanza akiwa nambari tisa. Macho yakapungua nguvu kidogo, akateleza akawa wa ishirini, nikamsogeza nyuma. Huko akaona kidogo zaidi, akawa wa thelathini na tano, nikamsogeza tena. Mkono wangu ndio uliomsukuma mpaka ukutani, mstari kwa mstari, na kila muhula niliandika kwenye ripoti yake kwamba anaweza kufanya vizuri akijitahidi. Alipojitahidi, akapata njia yake mwenyewe ya kuuona ubao, nikaiweka juu ya jiwe.

Na unajua nilimjibu nini yule mama? Nilimwambia sheria ni sheria. Nikaongeza kwamba shule haina macho ya akiba. Niliona ni maneno ya busara wakati ule. Alifunga daftari, akanishukuru kwa muda wangu, akaenda. Muhula wa tatu Mghoi hakurudi. Sikumfuatilia. Miaka baadaye, mwenzake wa darasa ambaye anauza nguo hapa sokoni aliniambia kwamba aliolewa mwaka uliofuata, na kwamba aliolewa Mahoo.

Sasa unaelewa kwa nini barua yako ya kazi ilipofika na ukaisoma kwa sauti, nilinyamaza. Ulidhani nahuzunika kwa sababu ya umbali. Ulinikumbatia ukasema Taveta si Ulaya, mama. Nami nikakuacha uamini hivyo.

Usidhani nilijifunza mara moja. Mimi ni mgumu, na ukitaka ushahidi muulize baba yako akiamka. Shule zilipofunguliwa baada ya korona, kila mtu alikuwa akisema watoto hawa ni wa dijitali, na shule ikapata projekta. Nikasema sawa, kama ni teknolojia wanataka, wataipata. Nilikaa wiki mbili za likizo nikichapa madaftari yangu ya zamani, yale yenye rangi ya chai, nikayamwaga yote ukutani kwa herufi kubwa. Nikavuta mapazia, nikawasha mtambo, nikasoma. Siku ya tatu darasa zima lilikuwa limelala, na mmoja alikoroma kabisa. Nilifoka. Nilisema kizazi hiki hakina shukrani. Ilinichukua muda kukubali kwamba sikuwa nimebadilisha kitu. Nilikuwa nawapa imla ileile, ila sasa gizani.

Halafu ikaja ile siku ya mazoezi yako ya kufundisha, katika ile shule ya msingi hapa mjini. Nilikuletea chakula ulichokuwa umesahau nyumbani, nikakukuta umeketi chini na watoto wanane wakizunguka kishikwambi kimoja. Walikuwa wanasoma hadithi ya Kiswahili kwa sauti, mmoja mmoja, wewe unawarekodi, kisha mnasikiliza pamoja. Nilisimama mlangoni nikacheka. Nilisema, watoto wakisikia, kwamba serikali ilikusomesha uje kuchezea redio. Uso wako ulibadilika, ukapokea chakula ukasema asante. Lakini nilipokuwa nikirudi kwenye geti nilisikia mtoto mmoja akijisikiliza, kisha akakuambia, "Ticha, hapo nimeruka neno. Naomba nirudie." Hakuna aliyemwambia ameruka. Mimi nimefundisha miaka thelathini na moja na sijawahi kusikia mtoto akiomba kurudia bila kulazimishwa. Niliendelea kutembea kana kwamba sikusikia. Leo nakuomba msamaha kwa kicheko kile. Ulikuwa sahihi na mimi nilikuwa mpumbavu mwenye bakuli la ugali mkononi.

Siku hiyo ilinifanyia kazi kimyakimya. Mwaka jana wakati wa mvua, kuna video ilizunguka kwenye simu za watu, labda uliiona, ya daraja likizolewa na maji na maandishi yakisema ni mto Voi, leo asubuhi. Walimu walikuwa wakipigiana simu, wazazi wakawa wanataka kuja kuchukua watoto. Nikaingia kidato cha tatu nikiwa na simu yangu mwenyewe. Fikiria, Madam Nyundo na simu darasani. Niliwaonyesha ile video bila kusema neno, nikawauliza kama ni kweli. Karibu wote walisema ni kweli, kwa sababu wameipata kwa watu zaidi ya mmoja. Nikawaambia waitazame tena kama wanajiografia. Kisha msichana mmoja akasema, "Madam, hii si Voi. Mlima wa Sagalla uko wapi hapo nyuma?"

Mwanangu, darasa liliamka. Mmoja akasema udongo si mwekundu. Mwingine akasema miti ile haioti huku chini, inahitaji baridi. Wakaanza kugombana upande gani ungekuwa kusini kama kivuli kinaanguka vile. Wakanifundisha namna ya kusimamisha video na kukuza kona ya picha, jambo ambalo sikuwa najua kufanya, na nikakubali mbele yao kwamba sijui. Sikufa. Kwa dakika arobaini watoto wale walifanya Jiografia zaidi kuliko walivyofanya muhula mzima. Nilirudi ofisini nikafunga mlango nikalia, kwa sababu walipokuwa wanakuza ile kona ya picha kwa vidole viwili, nilimwona Mghoi akifanya vilevile nyumbani kwao, akiutafuta ubao wangu.

Watakuambia mambo mengi kuhusu watoto hawa. Wengine watasema wamezaliwa wakijua kila kitu, wengine watasema simu zimewaharibu. Mimi nimeona yote mawili yanamsaidia mwalimu asifanye kazi. Watoto wako wa Gredi ya Tano watapata jibu haraka kuliko wewe, na wataliamini haraka vilevile, hata likiwa la uongo. Hapo ndipo kazi yako ilipo. Na kuna ambao hawajawahi kushika kishikwambi, kwa sababu kwao simu ni moja na baba huenda nayo shambani, na hao watajificha nyuma ya wenzao ili usijue. Watafute. Ila usiige mtu, hata mimi, zaidi ya yote mimi. Kila ninachojua kuhusu kazi hii nilikijua kwa kuchelewa.

Jumatano iliyopita nilikuambia naenda mkutano wa walimu Mwatate. Sikwenda Mwatate. Nilipita Mwatate nikaendelea mpaka Taveta, nikachukua bodaboda hadi Mahoo, na nikauliza watu mpaka nikafika kwa Mghoi. Ana shamba la ndizi, na siku za soko hupeleka mikungu Taveta. Amevaa miwani sasa, yenye vioo vizito. Nilipoingia uani hakushangaa kama nilivyotarajia. Aliniita Madam, akanipa kiti, akanikaribisha chai. Nilikuwa nimejipangia hotuba njia nzima, ikapotea yote. Nikamwambia tu kwamba nilizifungua picha zake kabla ya kuivunja simu, kwamba nilijua, na kwamba nimekuwa nikimsingizia mambo ya aibu mbele za watu kwa miaka yote hii. Nikamwambia pole.

Alikuwa akimenya viazi, na hakuacha kumenya. Hakujua habari ya makanga mpaka nilipomweleza. Aliuliza ni watu wangapi wameisikia hadithi hiyo, nikasema wengi. Akauliza kama na wewe umeisikia, nikasema ndiyo. Nikamweleza kwamba wewe ndiye mwalimu mpya anayekuja shule ya pale kwao. Hapo akaweka kisu chini. Akaniambia, "Mimi sitaki pole yako, Madam. Nataka mtoto wangu aone ubao."

Ana binti mmoja anayeitwa Damaris. Yuko Gredi ya Tano, mwanangu, katika shule yako. Ana macho ya mama yake. Mghoi aligundua mwaka huu tu, alipomwona anaunusa ukurasa akisoma. Wamepewa siku ya kuonana na daktari wa macho, lakini ni mwezi ujao, na miwani nayo itachukua muda wake. Mwalimu aliyekuwepo alimweka nyuma kwa sababu ni mrefu. Nilikaa pale na kikombe cha chai kikapoa mkononi. Nilikuwa nimekuja kutubu jambo la zamani, na nikakuta jambo lenyewe linaendelea, na anayeingia darasani Jumatatu ni mwanangu mwenyewe, ambaye Jumapili alisimama akasema Nyundo inahamia Mahoo.

Ndiyo maana ninaandika. Sikukulea uwe mkatili; wewe huna ukatili. Lakini hata mimi sikuwa nao. Nilikuwa na sheria, na mpango wa viti, na jina zuri, na uchovu. Hivyo vinne vilitosha.

Nimeamua mambo mawili, na sikuombi ruhusa. La kwanza, Jumatatu kwenye paredi yetu nitasimama pale kwenye mlingoti niseme nilichoandika hapa, mbele ya wanafunzi na walimu, kisha Jumapili ijayo niseme tena kanisani, kwa wale waliocheka. Mghoi amekubali nitaje jina lake, ila alitaka litajwe na neno mwanafunzi mzuri. Nitalitaja hivyo, kwa sababu ndivyo alivyokuwa. La pili, nimebakiza mwaka mmoja na nusu kustaafu, na huo wote nitafundisha upya. Wenzangu watasema mama huyu amechanganyikiwa uzeeni. Waseme. Viti nimeshavipanga kwa macho na masikio, siyo kwa nambari, na nimemwomba yule msichana aliyeulizia Sagalla anifundishe kutengeneza ramani kwenye kishikwambi. Ni mkali kuliko mimi. Ananifokea nikibonyeza pasipofaa.

Kwako sitaamua, ila nitakuambia ninachokiona. Una kishikwambi kwenye begi lako la kijani. Mpe Damaris apige picha ubao, aikuze mezani kwake mpaka miwani ifike. Mwalimu mkuu huenda akakuita ofisini akakuuliza kwa nini mtoto mmoja ana kifaa na wengine hawana. Huenda wazazi wakanung'unika. Wenzako watakuambia umekuja juzi tu, tulia kwanza. Nenda ofisini ukiitwa, zungumza kwa heshima, na usirudi nyuma. Kama itabidi, nitakuja mwenyewe kutoka Voi nikae kwenye hicho kiti cha ofisi niwaeleze kilichotokea kwetu. Sina jina la kulinda tena, kwa hiyo nina nguvu sana.

Nasikia geti. Baba yako ameshtuka na anajifanya hakuwa amelala. Barua hii nitaiweka ndani ya daftari lako la maandalio, uikute Jumapili jioni ukifungua kupanga somo la kwanza, na najua utanikasirikia. Una haki. Nipigie ukiwa na hasira, nitapokea.

Jambo la mwisho. Damaris hatakuambia. Mama yake anasema ni mtoto wa haya, na anafikiri kila mtu huuona ubao hivyo. Kwa hiyo usimsubiri aseme. Jumatatu andika neno moja tu, kisha tembea hadi nyuma kabisa, uchuchumae karibu naye, umuulize anaona nini. Akisema haoni, mwamini.

Mama yako